Kabari za Fundi Salehe

Vumbi la mvule halina adabu. Likikuingia puani unapiga chafya nne mfululizo na machozi yanatoka yenyewe, kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Juzi mjukuu wangu anayekaa mjini Tukuyu alinichukua nikaione nyumba aliyopanga, nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao, na tulipofika tukamkuta fundi kijana anasukuma mashine ya umeme huku na huku, amejifunga kitambaa puani. Mashine inanguruma, inakula weusi wa miaka yote, na nyuma yake mbao inatokea mpya, rangi ya asali. Ile harufu ikapanda. Nikakaa kwenye ngazi za barazani nikalia. Mjukuu akaja mbio, "Bibi, ni vumbi hilo, sogea huku." Nikamwambia ndiyo, baba, ni vumbi. Nimefika umri wa kusingizia vumbi.

Ninawaandikia ninyi wa rika langu, ambao magoti yenu yanajua mvua inakuja kabla ya redio kusema. Shule mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta sentensi imepita njia ndefu msiikasirikie, itafika. Nataka kusema habari ya sakafu ya babu yangu, na ya mama, na jambo nililolifanya uvunguni mwa nyumba, ambalo nimekaa nalo mpaka wote waliohusika wamekwisha kufa. Sasa hakuna ninayemvunjia heshima ila mimi mwenyewe.

Babu mzaa baba alikuwa mpasua mbao. Alipasua kwa msumeno ule mrefu wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mmoja shimoni, na kwa mbao zilizombakia akajijengea nyumba pale Nkunga, imekaa juu ya nguzo fupi za mawe ili unyevu wa nchi yetu usipande, na ndani sakafu yote ni mvule. Wengine walikuwa na sakafu za udongo uliokandikwa vizuri, na sizidharau, nimelala juu yake na zina joto. Lakini ya babu ilikuwa ya mbao, na wageni walivua viatu mlangoni, wale wachache waliokuwa navyo, na wasio navyo walipangusa nyayo kwa majani ya mgomba. Chini, uvunguni, kuku walitaga. Mimi ndiye niliyetambaa kuokota mayai, maana mtu mzima akiingia kule ilikuwa lazima alale kifudifudi kama mjusi.

Bibi alipofariki babu akabaki peke yake, na baba yangu ndiye mtoto wa kiume pekee. Baba alifanya kazi kiwanda cha chai, analala huko huko, anarudi Jumamosi. Akaona hana la kufanya, akatuhamishia kwa babu, mama na mimi, ili mzee apate mtu wa kumpikia. Hapo ndipo mashaka yalipoanza. Kwetu, wenzangu mnajua, lakini niseme kwa ajili ya wajukuu watakaosoma hiki: mkamwana na baba mkwe walikuwa hawaonani. Sisemi hawapendani. Hawaonani. Mkamwana akimsikia baba mkwe njiani anaingia kwenye migomba, anajifunika kichwa, anainama mpaka apite. Hali chakula naye, hamtaji jina, hamsemeshi. Kulala chini ya paa moja ni jambo ambalo watu walilisema kwa sauti ya chini. Na hata sisi tuliokuwa Wakristo, tunaimba kila Jumapili, hilo tulilishika kama amri ya kumi na moja.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, hakulitaka tangu mwanzo. Aliishi mwendo wa nusu saa kutoka kwetu na alikuwa na sauti inayofika kabla yake. Akamwambia baba mbele yangu, "Umemweka mwanamke wako mlangoni kwa baba yako. Siku wakikutana utaficha wapi uso?"

Na walikutana. Ilikuwa siku ya mvua kubwa, mama anakimbiza nguo zilizoanikwa, babu anatoka kuangalia ndama, wakagongana kizingitini, uso kwa uso, kifua kwa kapu. Mama alianguka chini palepale akajifunika kwa nguo mbichi. Babu aligeuka akasimama anatazama ukuta. Ilikuwa muda wa kumeza mate tu. Lakini shangazi alizipata habari, sijui nani alimpelekea, akaja akasema neno ambalo mama alilirudia moyoni kila siku: mara ya pili, huyu anarudi kwao Lupepo, na mtoto anabaki, maana mtoto ni wa ukoo.

Mtoto huyo ndiye mimi.

Sasa sikilizeni akili za mtoto. Siku chache baada ya mvua ile niliona jicho la kushoto la babu lina utando mweupe. Ulikuwa mtoto wa jicho, ninao mimi mwenyewe sasa, daktari ameniambia ni uzee tu. Lakini mimi nilihesabu kwa akili yangu: wameonana mara moja, jicho moja limekwenda. Wakionana mara ya pili litakwenda la pili. Na baada ya hapo itakuwa zamu ya macho ya mama. Sikumwuliza mtu. Mambo ya wakubwa tulikuwa hatuyaulizi, tulikuwa tunayapanga wenyewe kichwani, na tukishayapanga yanakuwa kweli kuliko kweli.

Kilichotuokoa ni mbao. Sakafu ile ilikuwa inalia. Ubao wa mbele ya kitanda cha babu ulilia chini, kama mtu anayeguna. Wa katikati ya sebule ulilia mara mbili, ukikanyagwa na ukiachwa. Ule wa karibu na mlango wa nyuma ulipiga kelele nyembamba kama kifaranga. Mimi nikiwa shuleni mama alikuwa anapita ndani kwa kusikiliza. Ubao wa kitandani ukiguna, mama anajua babu ameamka, anaweka chai juu ya kigoda cha sebuleni na kuondoka. Sebule ikilia mara mbili, mama yuko tayari nyuma ya ukuta wa mbao uliotenga sebule na njia ya mlango wa nyuma. Babu naye alikanyaga makusudi, kwa kisigino, apite akisema napita. Hawakuwahi kulizungumza, wangelizungumzaje. Lakini waliishi hivyo karibu mwaka mzima, na ukisimama barazani ukasikiliza ungesema ni watu wawili wanaosalimiana.

Halafu kibanzi kikamchoma babu kisigino. Mbao zilikuwa zimechakaa, zimetoa manyoya. Kisigino kikavimba, kikatunga usaha, akalala wiki mbili, na baba Jumamosi alipoona akasema hapana, sakafu hii itatengenezwa. Akamleta fundi kutoka mjini, Fundi Salehe, mtu ambaye babu yake alitoka pwani na msafara akasahau kurudi. Alikuwa mweusi, mwembamba, mcheshi, kofia yake haimtoki. Babu akapelekwa kwa shangazi mpaka kazi iishe.

Nilitoka shule mbio kila siku nikamwangalie. Kwanza alipita kila ubao, akazamisha vichwa vya misumari kwa tindo na nyundo. Alisema, "Bibi mdogo, msumari mmoja ukichungulia unanichania msasa wangu kama paka." Akakwangua weusi kwa kipande cha kioo kilichovunjika, amepiga magoti, anavuta kuja kwake, na mbao inatoa nyuzi nyembamba kama nywele. Ndipo msasa, ameuviringisha kwenye kipande cha mti, wa kukwaruza kwanza, kisha wa kati, kisha ule laini unaolia kama hariri. Alifuata mkondo wa mbao, hakuukata hata siku moja. Vumbi lilijaa nyumba nzima, mama jikoni anapiga chafya, mimi nimekaa kizingitini napiga chafya, fundi anatuombea heri kila mara mpaka akachoka, akasema, "Nawaombea ya wiki nzima, chukueni kidogo kidogo." Vanishi aliipaka mara mbili, na ukungu ukaja ukakaa mlangoni, haikauki. "Nchi yenu hii," akasema, "hata jua linavaa sweta."

Jambo aliloliona aibu kuliko yote lilikuwa kilio cha mbao. Alitembea kisigino kwa kisigino, panapolia anaweka alama ya chaki. Akalala kifudifudi akaingia uvunguni nusu mwili, akapigilia kabari kati ya boriti na mbao, kabari moja baada ya nyingine, mpaka nyumba ikanyamaza. Alipotoka ana kinyesi cha kuku mpaka kwenye kofia, akapita sebuleni kwa madaha. Hakuna sauti. Akamwita mama aje aone.

Mama alisimama mlangoni. Fundi akaruka juu na kutua. Kimya.

"Unasikia, dada?"

"Sisikii," mama akasema.

"Ndiyo kazi hiyo," fundi akasema, anacheka. "Sasa hata mwizi akiingia hamtamsikia."

Mama alimwambia ndaga, ahsante kwa lugha yetu, akageuka kwenda jikoni. Nilimfuata nikamkuta ameshika ndizi na kisu, hamenyi. Angeweza kumwambia baba, fundi arudishe kelele. Lakini angeanzaje, kwamba mimi na baba yako tulikuwa tunasikilizana nyayo? Neno hilo likitoka tu kinywani linakuwa baya.

Babu akarudi. Watu walikuja kuangalia sakafu, wakaona nyuso zao ndani yake. Kuanzia Jumatatu, nyumba ilikuwa ya hofu. Babu alitembea peku, na sakafu ikambeba kama maji. Alipolishtukia hilo mwenyewe akaanza kukohoa ili ajulikane alipo, lakini alikohoa akiwa amekaa, akakohoa akiwa anatembea, mama hakujua kikohozi kipi kinakuja na kipi kimekaa. Majirani wakamletea babu dawa ya kifua. Alikunywa, hangeweza kueleza. Asubuhi moja niliona mlango wa chumba chake unafunguka na mama yuko katikati ya sebule na sinia, hana pa kwenda. Alirudi nyuma kwa hatua ndefu, bila kugeuka, chai ya moto ikimwagika mkononi mwake na hakutoa sauti. Mlango wa nyuma ulijifunga na wa chumba ukafunguka wote kwa pamoja. Niliangalia jicho la babu lile zima. Nikaliona kama limeanza ukungu pembeni. Huenda halikuwa na kitu. Mimi nililiona.

Mama akaacha kula. Alikaa jikoni nje kutwa nzima, kwenye baridi ile ya kwetu, anaingia ndani nikiwapo mimi tu kumwongoza. Na mimi nilikuwa na shule. Nikaanza kusingizia tumbo ili nibaki. Mwalimu akanichapa kwa utoro, sikusema kitu. Wiki ile nilijua hesabu moja tu: mara ya pili.

Basi nikaenda kuokota mayai. Nilichukua jiwe la ukubwa wa ngumi, nikatambaa uvunguni nikagonga kabari. Ya kwanza ilichukua muda mrefu, mkono uliniuma mpaka begani, fundi alikuwa amezipiga kweli. Ilipoanguka nilihisi kama nimemng'oa jino mtu. Ya pili ikawa rahisi, ya tatu ikawa rahisi zaidi, nilishajua pa kupiga. Karibu na ukuta wa mbele palikuwa na kipande cha mti kimesimama wima, kinashikilia boriti kutoka chini. Nikakiona ni kabari nyingine, kubwa kuliko zote, nikasema hii ndiyo inayobana kelele yote. Nikakigonga mpaka kikalala. Sikujua kwamba boriti ile mchwa walikuwa wameila, na kwamba kipande kile ndicho kilichokuwa kinaibeba. Baba alikuwa ameambiwa na fundi. Mtoto nani angemwambia.

Nilipoingia ndani nikakanyaga sebule. Ikalia mara mbili. Sijawahi kusikia wimbo unaofanana na huo. Mama alikuwa mlangoni, akanitazama, akatazama sakafu, na mabega yake yakashuka. Hakuuliza. Jioni ile alikula, na babu hakukohoa.

Siku ya tatu nimerudi shule, nimevua gauni la shule, mama yuko jikoni nje. Babu anatoka chumbani kuelekea barazani. Nikasikia ubao wa kitanda unaguna, nikasikia sebule mara mbili, halafu nikasikia sauti ambayo haikuwa ya ubao wowote ninaoujua. Nilipofika, babu alikuwa mfupi. Ndivyo nilivyoona. Mguu wake mmoja umezama sakafuni mpaka pajani, mwingine umekunjika juu kama wa panzi, mikono yake imeshika ubao, na damu inatembea juu ya vanishi bila kunyonywa.

"Usimwite mama yako," babu alisema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza. "Nenda kaite watu."

Nikakimbia. Nyumba ya kwanza wote wako kuchuma chai. Nyumba ya pili kikongwe kiziwi. Ukungu umeshuka, huoni mgomba wa tatu. Nikarudi. Babu alikuwa ameegemea mkono, mdomo umekuwa wa kijivu, na anaongea na bibi aliyekufa, anamwambia alete msumeno. Nikamshika chini ya kwapa nikavuta. Alikuwa mtu aliyepasua magogo maisha yake yote. Sikuweza kumsogeza hata unene wa kidole.

Nyuma ya ukuta wa mbao nikasikia mtu anapumua.

"Mwanangu," mama akasema, taratibu. "Damu inatoka?"

"Inatoka."

"Inatembea au inaruka?"

Nikatazama. "Inatembea upesi."

Mimi nilikuwa katikati ya watu wawili, na kila mmoja ananisikia na hakuna anayemsikia mwenzake, kwa kuwa hawatakiwi kusikiana. Mama akasema, "Mwulize babu yako kama anaweza kufumba macho."

"Babu, mama anauliza kama unaweza kufumba macho."

Babu akarudi kutoka kwa bibi. Akaelewa. "Mwambie asije."

"Anasema usije."

"Mwambie watu hawapo."

"Anasema watu hawapo."

Babu aliinamisha kichwa. Halafu akasema, "Mwambie nimefumba."

Nilimtazama. Alikuwa amefumba kweli, amebana mpaka ngozi ya paji imekunjamana. Mama akatoka nyuma ya ukuta amejifunika shuka zito la kulalia, kichwa chote, uso wote, mikono tu iko nje, haoni hata mwanga. Akaninyooshea mkono nikamwongoza. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nimezaa watoto saba. Niliogopa shuka litaanguka. Niliogopa babu atapiga chafya na kufumbua. Nikamwambia mama hatua, hatua, hapo pana shimo, pita kulia. Nikaichukua mikono yake nikaiweka chini ya makwapa ya baba mkwe wake, mikono ambayo haikuwahi kumpa hata kikombe.

Alivuta. Mbao ilimkamata babu pajani kama meno, na babu aliguna kwa maumivu. Mama akasimama. Akasema ndani ya shuka, si kwangu na si kwa mtu, "Tuvumilie kidogo." Akaweka mguu wake upande wa pili wa shimo, akashusha pumzi, akamwinua mzima mzima, kama anavyoinuliwa mgonjwa na mtu anayempenda. Akamweka juu ya ubao mzima. Akalegeza mikono, akageuka, nikamwongoza mpaka nyuma ya ukuta. Kitambaa cha kufunga kikarushwa kutoka huko, nikafunga kama nilivyoelekezwa, juu ya jeraha, kaza, kaza tena. Damu ikapungua.

Babu alikuwa bado amefumba. "Ameondoka?"

"Ameondoka."

Akafumbua. Nikayatazama macho yake kwa karibu, moja baada ya jingine. Moja jeupe, moja jeusi, kama yalivyokuwa asubuhi. Nikashukuru Mungu.

"Sikiliza," akasema. "Hapa hakuja mtu. Aliyenitoa ni wewe."

Jumamosi baba akaja, shangazi akaja, na Fundi Salehe akaitwa kutoka mjini kujibu kwa sakafu yake. Babu alikuwa kwenye kiti sebuleni, mguu juu ya kigoda, shimo katikati yetu. Mama nyuma ya ukuta. Baba hakumsalimu fundi. Alimwonyesha shimo tu, akasema, "Umenidhalilisha kwa baba yangu." Fundi alivua kofia, mara ya kwanza namwona bila kofia, akatoka akalala kifudifudi akaingia uvunguni.

Shangazi hakuwa na haja na sakafu. "Baba," akasema, "nani alikutoa hapo?"

"Huyu mjukuu."

"Huyu?" Alinishika mkono akaunyanyua watu wauone. "Mwe bandu, enyi watu, tazameni. Mkono huu haujafika hata unene wa mpini wa jembe. Huyu ndiye aliyemnyanyua mpasua mbao?"

"Mimi nimekonda siku hizi," babu akasema.

"Hujakonda hivyo."

"Basi unataka nirudi shimoni nipimwe?"

Baba alikohoa, nafikiri alitaka kucheka akaogopa. Shangazi hakucheka. Akageukia ukuta wa mbao. "Aliye nyuma ya ukuta anasikia. Mimi simwulizi mtoto, mtoto anaambiwa. Aape huko huko aliko, kwa Biblia anayoisoma Jumapili, kwamba hakumgusa mzee. Akiapa, mimi nanyamaza. Asipoapa, afunge mzigo."

Nilijua mama hataapa uongo. Wote tulijua, na shangazi alijua kuliko wote, ndiyo maana aliuliza hivyo. Nyuma ya ukuta kulikuwa kimya, na kila pumzi kimya kile kilikuwa kinageuka kuwa jibu.

Ndipo Fundi Salehe akaingia. Ana utando wa buibui kichwani. Aliweka sakafuni kabari tatu, moja, mbili, tatu, na pembeni yake kile kipande cha mti. Akakaa chini.

"Kazi yangu sikuiharibu," akasema. "Tazameni alama. Zimegongwa kwa jiwe, kutoka upande wa kuku. Na mavumbini kuna alama za magoti, madogo."

Watu wote wakanitazama. Ninawaambia ukweli, mdomo wangu ulifunguka kusema si mimi. Ulikuwa tayari. Lakini fundi aliendelea, ananitazama mimi, sauti ya polepole ya mtu anayepima mbao. "Kabari hizi nilizipiga kwa nyundo, mimi mwanamume mzima, nikatoka jasho. Aliyezing'oa kwa jiwe, amelala chali gizani, huyo si wa kupimwa mkono. Mtoto wa namna hiyo akiniambia alimnyanyua mzee, mimi Salehe ninamwamini. Kama siye aliyezing'oa, hapo sijui. Hapo hata mimi ningeuliza nani alimnyanyua."

Yeye alikuwa amelala chini ya miguu yao muda wote. Na mimi najua, ukiwa uvunguni unasikia kila neno la juu.

Shangazi akaniachia mkono. "Ni wewe uliyeng'oa?"

"Ni mimi."

"Hizi zote?"

"Zote, na hicho kikubwa."

"Na babu yako?"

"Na babu ni mimi."

Hakuna aliyeuliza kwa nini nilizing'oa. Zamani zile mtoto hakuulizwa kwa nini, aliulizwa kama ni yeye. Baba aliinama akamwomba fundi radhi, amemshika mkono kwa mikono miwili. Shangazi aliniangalia muda mrefu. Mpaka leo sijui kama aliamini, au kama aliona mlango umefunguliwa akaona heri apite. Alitoka akakata fito ya mpera.

Alinichapa palepale sebuleni, pembeni mwa shimo, na alichapa kama mtu anayemalizia kwangu hasira ya watu wawili. Nililia. Nilimlilia mama kwa jina, mama, mama, naye alikuwa nyuma ya ubao mmoja, mwendo wa mkono, na hakuweza kutoka kwa sababu babu ameketi pale. Nilisikia kucha zake kwenye ukuta. Baba alitazama nje. Fundi alikuwa anafuta kabari moja kwa kofia yake, anaifuta tu, haiishi.

"Nibebeni nje," babu akasema.

Shangazi alisimamisha fito. "Baba?"

"Nataka nje. Nataka hewa."

"Mvua inanyesha, baba. Na mguu huo."

"Hewa ya mvua ndiyo ninayoitaka. Wewe shika huku. Fundi, shika kule. Na wewe weka hiyo fito chini, utashika kiti kwa mkono upi?"

Wakambeba na kiti chake, baba na fundi mbele, shangazi nyuma, mguu umenyooka kama jembe. Wakapita kizingiti, wakamshusha barazani panapovuja, na yeye akasema mlango ufungwe, baridi inaingia kwa mtoto. Ukafungwa. Mama hakusubiri hata ufungwe vizuri. Alitoka nyuma ya ukuta bila shuka, bila kilemba, akavuka sakafu yote iliyong'arishwa, akaketi chini palipo na damu na kunipakata.